Je, mtoto anasikia? Orodha ya hatari na yale isiyoyaona

Amu, yaani Lamu, mtoto akizaliwa huadhiniwa. Babake au babu yake humpakata, humwinamia, akamsomea adhana sikio la kulia na ikama sikio la kushoto, kwa sauti ya chini ambayo hata aliyekaa ukingoni mwa kitanda huisikia kwa shida. Kabla hajapewa jina, tumeshamwingia kwa njia ya sikio. Nimeshuhudia haya mara nyingi nyumbani kwetu Langoni, na hakuna siku mtu aliyeuliza kama lile sikio linapokea. Kwa nini aulize? Watoto wengi mno wanasikia. Lakini katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja hadi watatu huja na upungufu wa kusikia usioondoka, na zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi wana wazazi wanaosikia vizuri, wasio na sababu yoyote ya kushuku.

Mwana wa dadangu ni mmoja wao. Alizaliwa mwezi na nusu kabla ya siku zake, akakaa wodi ya watoto wachanga siku 16, macho yamegeuka manjano, sindano ya dawa imefungwa mkononi. Alipotoka sote tulishukuru, na ilikuwa haki kushukuru. Alipofika miezi mitano, alasiri moja dadangu alikuwa amemlaza juu ya mkeka. Muuza kahawa akapita chini ya dirisha akigonganisha vikombe vyake kama ilivyo ada. Punda aliyefungwa mlangoni akalia, ule mlio wake wa kukwaruza kuta. Mtoto amelala. Dadangu akamtazama vidole, kwa sababu mtoto mchanga akishtuka usingizini vidole hufunguka. Havikufunguka.

Alilisema siku ya kliniki. Muuguzi akasimama nyuma ya mtoto, akapiga makofi, mtoto akageuka. "Anasikia, mama. Usijitie wasiwasi." Mtoto alikuwa na miaka miwili na miezi minne mashine iliposema vingine.

Muuguzi yule hakuwa na nia mbaya. Alitumia kipimo alichokuwa nacho. Ila kipimo chenyewe hakifai, na hapo ndipo pa kuanzia, maana hata sisi nyumbani ndicho tulichokitegemea. Ukipiga makofi nyuma ya mtoto unasukuma upepo unaomfika shingoni. Kivuli chako kinapita ukutani. Mama aliyempakata anakutazama, na mtoto wa miezi mitano humsoma mamake macho kuliko kitu kingine chochote. Mlango ukibamizwa katika nyumba ya ghorofa iliyoezekwa kwa boriti, sakafu hutikisika na mtoto huupata ule mtetemo mgongoni. Macho na ngozi yake vimeshachukua kazi ya masikio, na vinaifanya kwa ustadi unaowahadaa watu wazima.

Halafu kuna kusikia nusunusu, na huku ndiko kunakopoteza muda mwingi zaidi, kwa kuwa wengi wetu hudhani mtu ama anasikia ama ni kiziwi. Sauti hupimwa kwa desibeli: mnong'ono ni kama 30, mazungumzo ya kawaida kama 60. Mtoto ambaye usikivu wake unaanzia kwenye 50 atageuka akiitwa kwa nguvu, atacheza ngoma za Maulidi, atakimbilia dirishani boti ikinguruma, na huku maneno mengi ya humo nyumbani yanampita. Mwingine hupata sauti nzito vizuri na kuzikosa zile nyembamba. Katika Kiswahili nyembamba ni s, sh, f. Huyo ndiye anayesema "amaki" na "ungura" mpaka anaingia darasani. Watoto wengi hukosea hivyo kwa muda kisha wakanyooka, lakini huyu hanyooki, na mwalimu humwita mtundu asiyesikiliza, hali ya kuwa anasikiliza kuliko wote.

Hadaa nyingine iko kinywani mwa mtoto mwenyewe. Asiyesikia hulia, hucheka, na miezi ya mwanzo hutoa visauti kama wenzake, kwa hiyo nyumba hutulia. Tofauti huanza kuonekana kwenye silabi. Mtoto anayesikia huingia katika "bababa" na "mamama" kati ya miezi sita na kumi, kwa sababu anajisikia mwenyewe na anapenda anachokisikia. Mtoto aliyefika miezi 11 hajaanza silabi hizo ni mtoto wa kupelekwa kupimwa, hata kama kila mtu nyumbani anaapa kuwa babake naye alichelewa kusema.

Haraka hii inatoka wapi? Koklea, kile kiungo cha ndani ya sikio kilichojizungusha kama konokono, huwa kimeanza kazi kabla ya kuzaliwa. Kufikia wiki ya 25 hivi ya mimba, mtoto ameshaanza kupokea sauti ya mamake. Ubongo haungojei siku ya kutembea wala ya kuota meno ili uanze kujifunza lugha. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake huko Colorado, Marekani, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto waliotambuliwa kabla ya kutimiza miezi sita, wakasaidiwa, walikuwa na lugha bora zaidi kuliko waliotambuliwa baadaye. Kutokana na mambo kama hayo imekuja kanuni ya moja, tatu, sita: mtoto apimwe kabla hajatimiza mwezi mmoja, akionekana ana shaka athibitishwe kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita. Miaka miwili na miezi minne, kwa hesabu hiyo, ni mbali sana.

Sasa orodha. Kwa miongo kadhaa wataalamu wamekuwa wakiandika na kuandika upya orodha ya mambo yanayomweka mtoto katika hatari ya kutosikia. Moja inayotumiwa sana ilitolewa Marekani mwaka 2007 na kurekebishwa mwaka 2019. Lazima nilitaje mapema jambo ambalo mara nyingi huachwa mwisho: karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na upungufu wa kusikia hawana hata kimoja kati ya vitu vilivyomo humo. Orodha ni wavu wenye matundu makubwa. Ndiyo sababu nchi zenye uwezo ziliacha kuitegemea peke yake, zikaanza kumpima kila mtoto kabla hajatoka hospitalini. Kwetu pwani mashine hazijafika kila chumba cha kuzalia, kwa hiyo orodha bado ina kazi kubwa: inatuonyesha ni nani asikose kupimwa hata kama inabidi avuke bahari. Lakini mtoto asiyekuwemo hapaswi kuambiwa yuko salama.

Ukoo ndio mwanzo. Kama yupo ndugu wa damu aliyekuwa kiziwi tangu utotoni, mtoto yumo kwenye orodha. Babu aliyepoteza usikivu uzeeni hahesabiwi. Uziwi mwingi wa kurithi hupitia kwa wazazi wawili wanaosikia: kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni yenye kasoro bila kujua, na zikikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto asiyesikia. Ndugu wakioana, nafasi ya nakala hizo kukutana huongezeka. Silisemi hili ili kuzilaumu ndoa za binamu, ambazo zimejenga nyumba nyingi hapa Amu, Siyu na Pate. Nalisema kwa sababu mabibi zetu wanajua. Muulize bibi naye atakuhesabia: fulani bin fulani hakuwa akisema, na nduguye wa kike vilevile. Maneno hayo yaandikwe kwenye kitabu cha kliniki.

Kwenye mimba, rubela ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kwa mama huwa vipele na homa ndogo, akaisahau, lakini ikimpata miezi mitatu ya mwanzo huweza kumharibia mtoto masikio, macho na moyo kwa pamoja. Kenya iliingiza chanjo ya surua na rubela mwaka 2016. Hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena 18, na msichana anayechanjwa leo anawalinda watoto atakaowazaa baada ya miaka ishirini. Kaswende imo pia, na hiyo hupimwa kliniki, ikatibika. Kirusi cha sitomegalo ni kigumu zaidi kwa kuwa mama haumwi, na mtoto huweza kuzaliwa akisikia kisha usikivu ukapungua mwaka wa kwanza au wa pili. Kipimo chake ni cha mate au mkojo wa mtoto ndani ya siku 21 za mwanzo. Baada ya hapo haijulikani tena kama aliambukizwa tumboni au nje.

Wodi ya watoto wachanga nitakaa nayo zaidi. Mtoto aliyelazwa huko katika uangalizi maalumu zaidi ya siku tano yumo kwenye orodha, kwa sababu yoyote ile aliyolazwa nayo. Aliyechelewa kulia na ubongo ukakosa hewa yumo. Aliyepata umanjano mkali hadi akabadilishwa damu yumo. Aliyepewa sindano za dawa iitwayo gentamisini zaidi ya siku tano yumo.

Umanjano kidogo siku ya pili au ya tatu ni jambo la kawaida kwa vichanga. Unaodhuru ni ule unaopanda bila kuzuiwa: bilirubini, ile rangi ya manjano ya kwenye damu, huvuka ikaingia ubongoni, na miongoni mwa sehemu inazozipenda ni zile zinazopokea sauti. Ukimwona mtoto wa manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au viganja na nyayo zimegeuka, ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Kwa ngozi yetu nyeusi usitazame uso. Tazama weupe wa jicho, bonyeza fizi, tazama nyayo. Kumwotesha jua la asubuhi si tiba ya hali hiyo. Tiba ni taa za buluu za hospitali.

Hapa kuna jambo la pwani hasa. Baadhi yetu, wanaume zaidi, tumerithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, urithi ulioenea mahali penye historia ndefu ya malaria. Mwenye upungufu huo hukaa salama mpaka akutane na kitu kinachovunja chembe zake za damu, na kimojawapo kiko sandukuni mwetu: vile vidonge vyeupe vya nafthalini vya kufukuza nondo. Nguo za kaka mtu hutunzwa humo miaka mitatu, shali humo, kanga humo, kisha mdogo wake akizaliwa zikatolewa akavikwa zinanukia vilevile. Kwa kichanga mwenye upungufu wa G6PD, harufu na unga ule huweza kuvunja damu na kupandisha bilirubini ghafla. Hina nayo imeshaonekana kufanya hivyo kwa watoto wenye upungufu huu. Basi nguo za mtoto zisiwekwe na nafthalini hata siku moja, na hina ingoje akue. Ni jambo jepesi mno kulikwepa, na linauma kulifikiria ukishajua.

Gentamisini ni dawa inayookoa vichanga na maambukizi ya damu, na mzazi asiikatae. Ila ndani ya koklea kuna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya neva. Dawa hii huweza kuziua, na kwa binadamu hazioti tena. Kuna watu waliorithi kutoka kwa mama badiliko la jeni linalozifanya seli hizo zidhurike hata kwa kipimo kidogo cha dawa. Kama mtoto mmoja, au mjomba upande wa mama, alipoteza usikivu baada ya sindano za namna hii, daktari aambiwe kabla mtoto mwingine hajadungwa.

Uso nao husema. Sikio dogo au lisilokamilika, kinyama au kijitundu mbele ya sikio, kaakaa lililopasuka, shungi la nywele nyeupe kipajini pamoja na macho ya buluu: hili la mwisho nimesikia likipewa tafsiri za kila namna, na ni alama tu ya hali ya kurithi inayojulikana kwa madaktari, ambayo mara nyingi huambatana na uziwi.

Hatari haiishii uchangani. Homa ya uti wa mgongo ni mwizi mkubwa wa masikio, na baada yake mtoto apimwe mara moja, kwa sababu koklea huweza kujaa mfupa ndani ya wiki chache na kuziba nafasi ya kupandikiziwa kifaa cha kusikia. Chanjo za vijidudu viwili vinavyoleta homa hiyo zimesaidia hapa: ya Hib iliingia Kenya mwaka 2001 na ya nimokoko mwaka 2011, na watafiti walioko Kilifi, kaunti ambamo Malindi imo, ndio walioonyesha jinsi magonjwa hayo yalivyopungua. Hukohuko Kilifi ilionekana kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria kali hubaki na matatizo ya kusema na ya lugha. Na kuna sikio linalotoka usaha, ambalo tumelizoea mno hata tukaliona sehemu ya utoto. Likitoka usaha siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu unaokula usikivu polepole. Hukaushwa kwa kipande cha kitambaa safi kilichosokotwa na hutibiwa kwa matone ya dawa. Mafuta ya moto, maziwa ya mama na maji ya majani yasitiwe humo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 60 ya upungufu wa kusikia wa utotoni ungeweza kuzuilika, na sehemu kubwa ya hiyo ni mambo ya kawaida kama haya.

Nimebakisha kimoja. Orodha ya 2007 ilikiweka namba moja, juu ya umanjano, juu ya gentamisini, juu ya ukoo: wasiwasi wa mzazi au mlezi kuhusu kusikia au kusema kwa mtoto. Niliposoma hivyo nilimpelekea dadangu simu mkononi akasome mwenyewe. Akasoma, akarudia, akaketi kitako kwenye ngazi. Wasiwasi ule alioambiwa ajiondolee ulikuwa peke yake sababu tosha ya kumpa karatasi ya rufaa. Mama huwa na mtoto wake saa zote, usiku na mchana, katika kelele na katika kimya. Hakuna kipimo cha dakika mbili kliniki kinachoweza kushindana na hilo. Kwa hiyo mama wa Matondoni, Faza au Malindi akisema "naona kama hanisikii", jibu la mhudumu ni kuandika, na kumpeleka.

Vipimo vyenyewe haviumi. Kimoja ni kijiti chenye ncha laini kinachowekwa sikioni mtoto akiwa amelala. Hutoa sauti ndogo, na koklea yenye afya hurudisha mwangwi wake ambao mashine huudaka. Mwangwi huu uligunduliwa na David Kemp huko London mwaka 1978. Kingine, ambacho hospitalini mara nyingi huitwa BERA, hubandika vipande vya kunasa ishara kichwani na kufuata sauti ikipanda kwenye neva hadi shina la ubongo. Tofauti hiyo si ndogo. Mtoto aliyeharibiwa na umanjano huweza kuwa na koklea nzima inayorudisha mwangwi vizuri huku neva yake haifikishi kitu, akapita kipimo cha kwanza na bado hasikii. Mtoto wa wodi ya wachanga aombewe hicho cha pili.

Kutopita mara ya kwanza hakumaanishi ni kiziwi. Siku mbili za mwanzo sikio huweza kuwa na majimaji ya uzazi. Maana yake arudi, na kurudi ndiko kugumu. Mtu wa Pate hungoja maji yajae ndipo boti ipite mlango wa bahari wa Mkanda, afike Amu, avuke hadi Mokowe bara, apande basi la Mombasa, alale kwa jamaa, kwa kipimo cha nusu saa. Wengi huishia njiani, na siwezi kuwalaumu. Ningependa mashine za mwangwi, ambazo huingia mkobani, ziwafuate watoto visiwani siku za chanjo.

Akithibitishwa hasikii, kuna mashine za kuvaa sikioni, kuna kupandikiziwa kifaa kwa baadhi, na kuna lugha ya ishara, ambayo isingojewe mpaka mengine yashindikane. Nyumba nyingi huogopa kwamba akizoea mikono hatasema. Watoto viziwi wanaolelewa na wazazi wanaotumia ishara hufikia hatua za lugha kwa wakati kama watoto wengine. Kinachomdhuru mtoto ni kukaa miaka bila lugha yoyote. Lugha ya Ishara ya Kenya imo kwenye Katiba ya 2010 na ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, na kaunti ya Kilifi ina shule ya viziwi ya Kibarani. Mpwa wangu alianza ishara akiwa karibu na miaka mitatu. Neno lake la kwanza lilikuwa punda: mikono miwili kichwani, vidole vikipepea kama masikio.

Mwaka jana dadangu alijifungua tena, msichana. Aliadhiniwa kama kawaida. Nguo zake zilikuwa mpya zote. Kwa kuwa kaka yake hasikii, yumo kwenye orodha tangu siku ya kwanza, akapelekwa Mombasa akiwa na wiki tatu, akapita vipimo vyote viwili. Dadangu hakusema alhamdulillahi akafunga kitabu. Aliisema, kisha akaomba kalamu, akaandika juu ya jalada tarehe ambayo mtoto atatimiza miezi tisa, siku ya kupimwa tena, na chini yake kwa herufi kubwa: KAKA YAKE ALIPEWA GENTAMISINI.